Maji Yarudiyo Windhoek

Ndugu msomaji, kabla hujakunja pua, nisikilize kwanza. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, tangu mwaka 1968 watu wanakunywa maji yaliyokwisha kutumika: ya kuogea, ya kufulia, na ndiyo, ya chooni pia. Husafishwa, huchanganywa na ya mabwawa na visima, yakarudi bombani. Hakuna mji ulioutangulia duniani kufanya hivyo kwa kudumu.

Si kwamba walipenda, bwana. Mvua yao ya mwaka mzima ni kama milimita 360, na jua huifyonza karibu yote. Mito ya jirani ni mchanga mtupu hadi mvua inyeshe. Okavango, wenye maji siku zote, uko kama kilometa 700. Kumwaga maji machafu kwenye mto mkavu ni kumwaga mali.

Ujanja wao huanzia mbali. Maji ya viwandani hutengwa, kwa kuwa sumu zake ni kazi kuziondoa. Ya majumbani huenda Gammams, ambako bakteria huachiwa wale uchafu. Kisha huingia Goreangab: dawa ya kugandisha takataka, mchanga wa kuchuja, mkaa wa kunyonya harufu, klorini. Kiwanda kipya cha mwaka 2002 kiliongeza ozoni na utando wa vitundu visivyoonekana kwa macho, kikafikisha lita milioni 21 kwa siku.

Lakini mimi ninayeota kuandika riwaya, kinachoninyima usingizi ni ule mwaka 1968. Makaburu ndio walitawala. Desemba 10, 1959 polisi walikuwa wamewapiga risasi Waafrika waliogoma kuhamishiwa Katutura, jina ambalo kwa Kiherero ni kama kusema hapa hatutaki kukaa. Vijana wa SWAPO walikuwa na kambi hapa kwetu Kongwa. Na mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Mataifa ukatamka nchi ile iitwe Namibia.

Sasa fikiria: sheria inatenga hadi vyoo kwa rangi ya ngozi, halafu kile alichokivuta bwana mkubwa asubuhi kinamrudia mezani kwenye glasi! Kumbe bomba halina ubaguzi. Riwaya gani itaushinda mchezo huo?

Marekani, pamoja na utajiri wao wote, mji wao wa kwanza kufanya hivyo kwa kudumu ulikuwa Big Spring, Texas, mwaka 2013. Miaka 45 baadaye.