Aliyetoa Pesa: Tarehe ya Sinema ya Uturuki

Tarehe 14 Novemba 1914, dola ya Osmania ikiwa ndiyo kwanza imeingia vitani, Fuat Uzkınay, aliyekuwa jeshini, alipiga picha mnara wa Warusi ukibomolewa huko Ayastefanos, nje ya Istanbul. Waturuki wameihesabu hiyo kuwa filamu yao ya kwanza, ingawa haijapatikana mpaka leo. Mwaka uliofuata Enver Pasha, waziri wa vita, aliagiza jeshi liwe na idara yake ya sinema. Mfadhili wa mwanzo, basi, alikuwa jeshi.

Baada ya vita kamera ilishikwa na watu wa tamthilia. Muhsin Ertuğrul alitawala fani hiyo karibu peke yake tangu 1922 hadi 1939, na filamu zake nyingi zinanuka jukwaa. Lakini tusimnyime haki yake: katika Ateşten Gömlek ya 1923 aliwaleta Bedia Muvahhit na Neyyire Neyir, wanawake wa kwanza wa Kituruki walio Waislamu kuigiza kwenye filamu.

Mwaka 1948 kodi ya tiketi za filamu za nyumbani ilipunguzwa, ya filamu za kigeni ikabaki juu. Filamu ikaanza kulipa. Makampuni yakajazana Beyoğlu, Istanbul, kuzunguka mtaa mwembamba wa Yeşilçam, hata jina la mtaa likawa jina la sinema yenyewe. Mwaka 1972 pekee zilitengenezwa filamu karibu 300.

Pesa za kuzitengeneza hazikutoka benki wala serikalini. Wasambazaji wa Adana, İzmir, Samsun na kwingineko waliwajua wateja wao. Wateja wakimtaka Türkan Şoray, au Cüneyt Arkın akipigana, msambazaji alimwandikia mtayarishaji hati za ahadi ya malipo kabla hadithi haijaandikwa. Mtayarishaji aliyekaukiwa alizipeleka kwa wakopeshaji wa riba, akapokea pungufu, akaingia kazini. Ndiyo maana kila kitu kilibanwa. Picha zilipigwa bila sauti: mtu alisimama pembeni ya kamera akiwasomea waigizaji maneno, nao wakiyarudia, baadaye studioni watu wengine wakatia sauti. Sauti ya Adalet Cimcoz ilitoka vinywani mwa nyota wengi.

Wasomi waliidharau kazi hiyo. Mimi naiheshimu sana, kwa sababu mama wa Anatolia aliyekaa kwenye sinema ya wazi usiku wa kiangazi, akibangua mbegu za alizeti, ndiye aliyekuwa mwenye mali. Na ni katika enzi hiyohiyo Metin Erksan alipotengeneza Susuz Yaz, kisa cha ndugu na maji ya shamba, kikatwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 1964.

Televisheni ilipoenea, na mitaani watu wakiuana kwa siasa, familia zilibaki nyumbani. Kumbi zikaachiwa wanaume na vichekesho vya ngono. Septemba 1980 jeshi likapindua serikali. Yılmaz Güney, mwigizaji na mwongozaji aliyekuwa kipenzi cha wanyonge, alikuwa gerezani. Kutoka humo aliandika Yol na kumwelekeza Şerif Gören namna ya kuipiga. Alitoroka 1981, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikatwaa tuzo kuu ya Cannes kwa pamoja na filamu nyingine. Uturuki yenyewe iliizuia hadi 1999, naye alikuwa amekwisha kufa Paris mwaka 1984.

Watazamaji walirudi kwa wingi mwaka 1996, Eşkıya ya Yavuz Turgul ilipouza tiketi zaidi ya milioni mbili. Ila mtaa haukurudi. Ukumbi wa Emek, uliofunguliwa 1924 palepale Yeşilçam, ulivunjwa 2013 kupisha jengo la maduka, waandamanaji wakipigwa maji na polisi. Ni hasara ambayo haikuwa na sababu.

Leo pesa huingia kwa milango miwili. Nuri Bilge Ceylan alishinda Cannes mwaka 2014 kwa filamu ya saa tatu na zaidi, iliyotengenezwa kwa ubia na Ufaransa na Ujerumani. Miaka mitatu baadaye kichekesho cha Recep İvedik 5 kilitazamwa na zaidi ya watu milioni saba, wote wakilipa mlangoni.