Zimwi la makumbi na mwavuli mbovu: tengeneza vinyago vya kutisha nyumbani

Kama utotoni ulikuwa unajifunika shuka gubigubi bibi akisimulia mazimwi, kisha kesho yake unamwomba arudie, basi hii inakuhusu. Ukiwa Unguja huna haja ya kuagiza vazi la kutisha kutoka nje. Vifaa viko jikoni na shambani.

Zimwi rahisi la kuanzia ni Nunda mla watu. Yumo katika Swahili Tales, kitabu cha hadithi zilizokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Nunda alianza kama paka tu wa sultani. Akala ndama, sultani akamwachia. Akala mbuzi na ng'ombe, kimya. Mwisho akala watu, hadi watoto wa sultani mwenyewe. Kwa hiyo usimpe pembe. Mpe uso wa paka uliokua kupita kiasi, ndipo anatisha.

Uso wake unatengenezwa hivi: geuza bakuli kubwa, livishe mfuko wa plastiki. Pika uji mzito wa unga wa ngano, uache upoe. Chana magazeti vipande, vichovye humo, bandika tabaka nne au tano. Kila tabaka likauke kwanza juani. Ukiharakisha, uso wote utabonyea, na wakati wa masika usijisumbue kabisa. Kisha chomoa bakuli, kata matundu ya macho na pua. Manyoya ni usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi ambazo wanawake wa pwani ya mashariki husokotea kamba. Meno ni mbegu za maboga. Weusi ni masizi ya chungu, umanjano ni manjano ya jikoni. Usumba unashika moto haraka mno, kwa hiyo mishumaa na koroboi viwe mbali.

Siri nyingine waulize Wamakonde. Mchezaji wa mapiko hafuniki uso peke yake, hufunikwa mwili mzima hata ngozi isionekane. Ukivaa kinyago kizuri halafu chini ndala na jinzi, watoto watakutambua kwa miguu!

Sasa Popobawa. Mbawa zake ni kazi ya dakika 20: chukua mwavuli mweusi mbovu, toa mpini, ukate nusu kwa nusu, shona kila nusu chini ya mkono wa shati. Funga ncha za vyuma kwa vitambaa zisichome mtu macho. Picha za mtandaoni humpa jicho moja, lakini watu wengi waliosimulia walisema anabadilika umbo, au ni kivuli tu na uzito unaokugandamiza kitandani. Kwa maoni yangu kitambaa cheusi kitupu usoni kinatisha kuliko jicho.

Ila hili la Popobawa lina mipaka. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, hofu yake ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Familia zililala nje, wengine wakikesha kando ya moto. Mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu, wakidhani ndiye. Mwaka 2007 hofu hiyo ikaibuka Dar es Salaam. Walioyaona hayo bado wapo, na kwao si mchezo. Basi usimvae Popobawa usiku kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wala Ng'ambo, na usimgongee mtu mlango. Mvae mchana, au jukwaani, au mbele ya kamera huku majirani wakiwa wameambiwa mapema. Hata Mussa Banzi, aliyetoa filamu za kutisha za Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, alitisha watu waliokaa wenyewe mbele ya skrini.

Na vazi la mtoto mdogo? Mwache asaidie kulitengeneza tangu uji unapopikwa. Wahenga walisema kinyago ulichochonga mwenyewe hakikutishi.

Kuhifadhi ni tabu kidogo, maana unyevu wa kisiwani huleta ukungu na mende wanapenda unga. Tia matone ya mafuta ya karafuu kwenye uji kabla ya kubandika, halafu ning'iniza kinyago penye upepo, si uvunguni.