Stelingi mwenye maisha mawili: tamthilia za Kikorea ambazo Tanga wanazielewa upesi

Mchana ni mwandishi wa habari mwoga, amevaa miwani, akikaripiwa anatetemeka. Usiku anaruka juu ya mapaa ya Seoul, na hakuna anayejua sura yake. Huyo ni stelingi wa Healer, tamthilia ya vipande 20 iliyooneshwa na KBS2 kuanzia Desemba 2014 hadi Februari 2015. Ji Chang-wook anaigiza mtu mmoja, lakini binti anayempenda anadhani anajuana na wawili.

Kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo ana jina, na si jina zuri: ndumilakuwili. Mtaani ukiitwa hivyo ujue umetukanwa. Kumbe kwenye tamthilia za Kikorea ndumilakuwili ndiye tunayemlilia, tena tukimaliza bando kwa ajili yake.

Aina hii ya hadithi ni kubwa kiasi kwamba inastahili kuelezwa peke yake. Zipo za mtu anayevaa barakoa usiku, za mwanamke anayeishi kama mwanamume, za pacha wanaobadilishana maisha, za mtumwa anayejifanya bibi mkubwa, na za mtu mmoja mwenye nafsi saba kichwani. Kinachoziunganisha ni swali moja tu: siku ikijulikana, itakuwaje?

Kabla ya Wakorea

Watu wa Tanga hawakuanza na Wakorea. Enzi za sinema kama Majestic, mji mzima ulikuwa na mapenzi na filamu za Kihindi, na Wahindi walikuwa mabingwa wa mwigizaji mmoja kucheza watu wawili. Dilip Kumar alifanya hivyo katika Ram Aur Shyam mwaka 1967. Hema Malini akafuata na Seeta Aur Geeta mwaka 1972, pacha mmoja mpole na mwingine mkorofi. Mwaka 1978 Amitabh Bachchan akatoka na Don, mtu wa kawaida anayeingizwa kwenye genge ajifanye jambazi aliyekufa. Aliyekulia Ngamiani au Chumbageni na filamu hizo hahitaji kufundishwa kitu na Seoul.

Na kabla ya sinema kulikuwa na hadithi. Haruni Rashidi wa Alfu Lela Ulela, mfalme anayetembea usiku kwa nguo za mfanyabiashara, anajulikana Pwani nzima. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, ana Adili na Nduguze: mchana Adili ni mtawala anayesifiwa kwa haki, usiku anawaadhibu manyani wawili waliofichwa, na manyani hao ni ndugu zake. Ukiichukua hadithi hiyo ukaivalisha nguo za enzi ya Joseon, una tamthilia ya vipande 16 bila kuongeza neno.

Ndiyo maana Dong Yi (MBC, 2010, vipande 60) ilieleweka kirahisi. Mfalme Sukjong anajifanya ofisa wa kawaida mbele ya binti mtumishi, hadi binti anampanda mgongoni ili aruke ukuta. Haruni Rashidi mtupu.

Wengi Bongo waliingia kwenye tamthilia za Kikorea kupitia Jumong (MBC, 2006 hadi 2007, vipande 81). Hata yeye yumo kwenye kundi hili, ingawa mwenyewe hajui. Analelewa kama mwana wa mfalme wa Buyeo, halafu gerezani anafundishwa upanga na mzee kipofu. Mzee yule ni baba yake mzazi, na wote wawili hawajui. Mtazamaji ndiye anayejua, na hapo ndo utamu ulipo.

Mwanamke aliyevaa nguo za kiume

Hili ndilo tawi lenye mashabiki wengi zaidi. Katika Coffee Prince (MBC, 2007, vipande 17) Yoon Eun-hye ni Go Eun-chan, binti anayebeba mzigo wa familia. Mgahawa unaajiri wanaume tu, basi anakaa kimya waendelee kumdhani mvulana. Sungkyunkwan Scandal (KBS2, 2010) inampeleka binti kwenye chuo cha kifalme kwa jina la kaka yake mgonjwa. Empress Ki (MBC, 2013 hadi 2014, vipande 51) inaanza na Ha Ji-won akiishi kama mvulana asije akakamatwa na kupelekwa Yuan kama zawadi ya kodi. Malkia Seondeok, aliyetawala Silla kweli kati ya mwaka 632 na 647, kwenye tamthilia ya mwaka 2009 anapitia jeshini akiwa mwanamume kwanza. Sehemu hiyo ya jeshi waandishi wameitunga, lakini malkia alikuwepo.

Iliyofika mbali kuliko zote ni The King's Affection (KBS2, 2021). Pacha wawili wanazaliwa ikulu, wa kiume na wa kike, na inaamriwa wa kike auawe. Anatoroshwa. Baadaye kaka yake anauawa kwa kudhaniwa ni yeye, naye anarudishwa akae kwenye kiti cha kaka kama mrithi wa ufalme. Mwaka 2022 ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa telenovela, mara ya kwanza kwa tamthilia ya Korea.

Hapa Kiswahili kinafanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi. Maandishi ya Kiingereza chini ya kioo lazima yachague kati ya mwanamume na mwanamke kila mtu anapotajwa, hivyo yanaweza kuvujisha siri au kuwachanganya watu. Kiswahili kinasema "amekuja", "nimempenda", "yuko wapi yule", basi. Siri inabaki siri. Kikorea nacho kiko hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Kinachokivujisha ni majina ya udugu: mvulana humwita kaka mkubwa "hyung", msichana humwita "oppa". Binti aliyejificha akikosea neno hilo moja, kwisha habari yake. Sisi tuna "kaka" moja kwa wote, kwa hiyo kosa hilo likitafsiriwa halionekani kabisa. Ukiona kwenye kioo watu wameshtuka na wewe hujui kwa nini, huenda ni hilo.

Anayetafsiri naye ana kazi. Ma-DJ wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kazi aliyoipa jina Lufufu wa Dar es Salaam na ambayo Uganda wanaifanya maveejay, huigiza watu wote kwa koo moja. Kwenye filamu ya ngumi haina shida. Kwenye tamthilia ya maisha mawili, DJ asiyebadilisha sauti anaua mchezo, maana Kikorea cha mtumwa na Kikorea cha bibi mkubwa ni kama vitu viwili. Mtu wa Tanga anajua tofauti kati ya "shikamoo" na "oya", anajua pia Kimtang'ata cha mzee wa Tongoni si Kiswahili cha redioni. Zana zipo, ni DJ kuzitumia tu.

Kipande cha mti kiunoni

Mtu anaweza kuuliza: enzi hizo bila picha wala kompyuta, kujificha kulikuwa na ugumu gani? Ulikuwepo. Kuanzia mwaka 1413 Joseon ilikuwa na hopae, kibao cha utambulisho ambacho wanaume wa miaka 16 na kuendelea walitakiwa kutembea nacho. Cha wakubwa kilikuwa cha pembe, cha watu wa kawaida cha mti. Kwa hiyo ukiona askari anamsimamisha mtu na kudai kibao, si mapambo. Ni kama leo kuambiwa weka kidole ndipo laini isajiliwe.

Mtumwa aliyekuwa bibi

Ya kuitafuta kwanza ni The Tale of Lady Ok (JTBC, vipande 16, Novemba 2024 hadi Januari 2025). Lim Ji-yeon ni Gu-deok, mtumwa anayetoroka mateso ya bwana wake. Njiani anapata urafiki na binti wa familia kubwa, Ok Tae-young. Majambazi wanavamia, binti anakufa, na bibi wa marehemu anamchukua mtoro huyu kama mjukuu. Kuanzia hapo Gu-deok anaishi kwa jina la mfu, anaolewa kwa jina hilo, na kibaya zaidi anakuwa mtetezi wa wanyonge mahakamani. Kila kesi anayoshinda inamsogeza mbele ya macho ya watu wanaoweza kumtambua.

Ukiitazama ukiwa Pangani inakugusa zaidi. Karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mji uligawanyika kati ya waungwana na wasio waungwana, na ubishi mkubwa ulikuwa nani ana haki ya kujiita nani. Watumwa na wageni kutoka bara walivaa kanzu, walichangia karamu, waliingia msikitini, wakidai nafasi yao mjini. Waliojiona wenye mji waliwakatalia. Wengine walitoroka moja kwa moja, wakaitwa watoro. Hakuna aliyehitaji barakoa. Nguo, lugha na jina ndivyo vilivyokuwa barakoa yenyewe.

Tarehe nazo zinakaribiana. Korea ilifuta utumwa kisheria mwaka 1894. Tanganyika ni mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hata baada ya sheria, kuulizwa "kwenu wapi hasa?" liliendelea kuwa swali zito Pwani, na zipo familia ambazo babu alibadilisha kabila kimyakimya na habari ikaishia hapo. Gu-deok akiulizwa swali hilo mezani, na tabasamu likamgandia, mtu wa Pangani hahitaji maandishi chini ya kioo.

Barakoa dhidi ya mkoloni

Bridal Mask, au Gaksital (KBS2, 2012, vipande 28), ni nyingine inayotafsirika yenyewe. Ni miaka ya 1930, Korea iko chini ya Japani iliyoitawala kuanzia 1910 hadi 1945. Lee Kang-to, anayeigizwa na Joo Won, ni Mkorea aliye polisi wa Wajapani, anawapiga Wakorea wenzake ili apande cheo, huku akimsaka mtu wa barakoa anayewasumbua wakoloni. Halafu yanatokea ya kutokea, na barakoa inaishia usoni kwake mwenyewe. Kaka yake naye ana siri, lakini hiyo iachwe uione.

Tanga iliwajua watu wa aina ya Kang-to. Mjerumani aliwatumia maakida kusimamia kodi na kazi za lazima, na shule ya serikali aliyoifungua Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilitoa makarani na maakida wa kumsaidia kutawala. Si wote walikuwa wabaya, wala si wote walikuwa na barakoa nyumbani. Tamthilia hii inauma kwa sababu haimwoneshi msaliti kama shetani. Ana familia ya kulisha.

Ndugu zake wa upole ni Iljimae (SBS, 2008), mwizi wa usiku anayeacha picha ya tawi la mplamu kila anapoiba, na City Hunter (SBS, 2011), ambamo Lee Min-ho anafanya kazi ofisi ya rais mchana na usiku anawaumbua wakubwa. Knight Flower (MBC, 2024, vipande 12) imemvisha barakoa mjane aliyefungiwa ndani miaka 15. Inachekesha kuliko zote.

Kidoti, pacha na nafsi saba

Temptation of Wife (SBS, 2008 hadi 2009, vipande 129) haina aibu. Mke anasalitiwa, anadhaniwa amekufa baharini, anarudi kulipiza kisasi akiwa mtu mwingine kabisa. Amebadilisha nini? Kidoti cheusi karibu na jicho, pamoja na nywele na mavazi. Mume hamtambui! Jaribu hilo soko la Mgandini uone kama utafika kwenye vitunguu bila kuitwa jina lako. Hata Wakorea wenyewe walikitania kidoti hicho, na bado walikaa mbele ya runinga.

Our Unwritten Seoul (tvN, 2025, vipande 12) ni ya utulivu. Park Bo-young anacheza pacha wawili, mmoja anayeteswa ofisini Seoul na mwingine anayebangaiza vibarua kijijini. Wanabadilishana, kwa hiyo kuna wakati mwigizaji anacheza pacha anayemwigiza pacha mwenzake. Hapo ndipo utaona tofauti ya mwigizaji na mrembo wa kamera.

Kill Me, Heal Me (MBC, 2015) inahitaji tahadhari. Ji Sung ana nafsi saba, na Pwani mtu wa kwanza kuiona atasema huyu ana jini, apelekwe kwa fundi. Tamthilia inasema vingine: ni ugonjwa wa akili uliotokana na mateso ya utotoni. Ugonjwa huo upo kweli, ila hauji na mavazi saba na vichekesho.

Bando likiwa dogo, au kama jamaa wa kukurushia kwenye flashi ana nafasi ya tamthilia moja tu, chukua Knight Flower, vipande 12 inaisha wikiendi moja. Ukitaka ya kulia, ni Lady Ok. Ile ya kidoti iache mpaka likizo.