Barua Iliyorudishwa: Van Gogh na Wakosoaji Wake

Wasee, kuna ile imani yetu kwamba msanii mkali huwa hasikizi mtu. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nikasoma maisha ya Vincent van Gogh, yule Mholanzi wa alizeti.

Mwaka 1885, akiwa kijiji cha Nuenen, alichora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa. Picha ni giza tupu, rangi za udongo. Akamtumia nakala ya kuchapwa rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard. Jamaa hakumbembeleza: mkono wa mmoja ni mfupi, pua haijakamilika, kazi ya juu juu. Vincent akaikunja ile barua, akamrudishia mwenyewe. Wakabishana kidogo kwa barua, kisha urafiki wa karibu miaka 5 ukafa.

Mdogo wake, Theo, alikuwa akiuza picha Paris na ndiye aliyemlisha. Naye alilalamika kuhusu lile giza. Lakini Theo hakuondoka. Mwaka 1886 Vincent akahamia kwake, akajuana na kina Pissarro, Signac na Émile Bernard. Ndani ya miaka 2 rangi zikafunguka: njano, buluu, brashi ya mistari mifupi mifupi. Hakuwa na pesa ya kulipa watu wamkalie awachore, kwa hivyo alijichora mwenyewe zaidi ya mara 20. Zipange kwa mfuatano uone giza likimtoka usoni.

Kisha akaja Gauguin kule Arles, Oktoba 1888, akimsukuma achore kutoka kichwani badala ya kutazama. Vincent alijaribu. Wiki 9 hivi baadaye waligombana, na ndio usiku ule wa sikio.

Sasa shikeni hii. Mwaka 1887, rangi zake zikiwa tayari zimebadilika, alimwandikia dadake kwamba ile picha ya viazi bado ndiyo bora kati ya zake. Yaani alikubali kukosolewa rangi, lakini wale wakulima hakuwakana. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka: kujua lipi la kubadilisha na lipi la kushikilia.

Ila Rappard hakumrudia tena. Nami nina rafiki niliyemnunia tangu mwaka jana kwa kuniambia video zangu zimekuwa za haraka haraka. Alikuwa amesema kweli. Leo jioni nampigia simu.