Baba mudogo, Stanley na lupango ya Dar

Ndugu zangu wa chama, leo naandika juu ya lupango moja.

Baba mudogo wangu ni mfanyabiashara wa Lubumbashi. Miaka mingi alikuwa anapokea kontena kwenye bandari ya Dar es Salaam, na siku moja akaona heri ajinunulie lupango kule kule. Juu ni mgeni, rafiki yake mwenyeji akakubali karatasi ziandikwe kwa jina lake. Franga zikatoka kwa baba mudogo. Kisha rafiki akafariki, na watoto wake wakaonyesha hati: jina ni la baba yao. Baba mudogo alilalamika, "Nilinunuaka na franga yangu!" Lakini sheria haikumjua. Alirudi Kasumbalesa mikono mitupu.

Sasa na mimi nimeletewa picha za kiwanja ku simu. Muuzaji anasema, "Congo iko ndani ya Jumuiya, unaweza kununua popote." Kabla ya kutoa hata franga moja, nikafungua vitabu vya historia.

Tarehe 1 Aprili 1884, hapa Congo, machifu wa Ngombi na Mafela waliweka alama kwenye karatasi ya shirika la mfalme Leopold II, lile lililomtuma Stanley. Kwa kitambaa kimoja kwa mwezi kwa kila chifu, karatasi ilisema wameachia nchi yao yote. Mwisho wa mwaka uleule, Mjerumani Carl Peters akapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, katika Tanzania ya leo, akikusanya mikataba ya namna hiyohiyo. Mnamo Februari 1885 serikali yake ikampa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Hao njo walikuwa wageni "wanunuzi" wa kwanza. Hatua ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya Leopold ikatangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni yake. Mwaka 1895 Wajerumani wakafanya vilevile upande wao. Shamba lililopumzishwa na pori la kuwinda vikahesabiwa kuwa tupu.

Ndiyo maana, uhuru ulipokaribia, suala la ardhi liliwasha moto. Mwaka 1958 Nyerere aliandika kupinga ardhi kuuzwa kama bidhaa: aliona wenye pesa, hasa wageni, wangeinunua na wenyeji wangebaki wapangaji. Mwaka 1963 Tanganyika ikafuta milki za kudumu, zikawa za muda. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kenya, katika Katiba ya 2010, inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99. Uganda nayo inampa upangaji tu.

Na sisi je? Tulianza na sheria ya Bakajika ya 1966. Kisha sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo ni mali ya Leta, hauuzwi. Konsesyo ya milele ni ya Mukongomani peke yake. Mgeni anapewa ya muda. Kwa hiyo ukuta uliomzuia baba mudogo kule Dar, sisi pia tumeujenga hapa nyumbani, na sababu ni ileile.

Jumuiya ya Afrika Mashariki je? Ni kweli, tuliingia 2022. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, kifungu cha 15, inaacha mambo ya ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Muuzaji wangu hakufika kwenye kifungu hicho.

Kwa hiyo, wewe mwenye diploma unayeota nyumba ng'ambo, uliza kwanza: nauziwa nini? Udongo, miaka, au jengo tu? Hati ina jina la nani? Nenda mwenyewe, au na mwanasheria uliyemchagua wewe, ofisi ya ardhi, na namba ya hati mkononi, kabla ya kulipa. Na usijifiche nyuma ya jina la rafiki, hata akiwa mtu mwema. Rafiki wa baba mudogo alikuwa mwema. Alikufa tu.

Siku nilipomsimulia baba mudogo habari hizi, alicheka kwanza. "Kumbe miye na Stanley tuko sawa?" Nikamjibu, hapana baba, wewe ulilipa bei ya kweli. Ila sheria haiangalii moyo wa mnunuzi, inaangalia uraia wake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ungenisomea hiyo sheria mapema."

Yule wa picha, nimemwomba namba ya hati. Ni wiki ya tatu, hajajibu.