Ngiri, Papasi na Homa Isiyomgusa Binadamu

Mkulima wa Handeni anayekesha shambani kulinda mahindi anamjua nguruwe mwitu kama mharibifu. Ngiri humwona mchana, mkia juu, akikimbilia shimo lililochimbwa na muhanga. Kwa mfugaji wa nguruwe wa Korogwe, wanyama hao ni hatari kwa namna nyingine: wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wenyewe kuugua.

Ugonjwa huo uliandikwa kwanza nchini Kenya, ambako nguruwe wa walowezi wa Kizungu walikuwa wakiteketea. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Kati ya nguruwe 1,366 waliokumbwa, 1,352 walikufa. Alionyesha kwamba muuaji ni virusi, tena tofauti na vile vya homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, na akawashuku ngiri na nguruwe mwitu.

Je, viumbe wengine wako salama? Kwa mnyama, njia mojawapo ya kujua ni hii: achomwe damu yenye virusi, aangaliwe, kisha damu yake ichomwe kwa nguruwe mzima. Nguruwe akinusurika, virusi havikupata makazi.

Binadamu hafanyiwi hivyo. Jibu lake limetoka machinjioni na mezani. Kwa zaidi ya miaka 100 wachinjaji, madaktari wa mifugo na walaji wa kitimoto wamegusana na damu na nyama ya nguruwe wagonjwa, na hakuna mtu aliyethibitika kuugua.

Papasi, aina ya kupe, aliongeza ushahidi. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, Kenya, waliripoti kuvikuta virusi hivyo ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Ndugu wa papasi hao hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, wakanyonya watu usiku na kuwaachia homa ya papasi, ugonjwa ambao mtafiti Robert Koch aliuchunguza nchini humo mwaka 1905 katika vibanda vya njia za misafara. Homa ya papasi imewapata watu wengi; ya nguruwe haijampata hata mmoja.

Swali la usalama wa binadamu halikuwa la kipuuzi. Nchini Malaysia, mwaka 1998 na 1999, virusi vya Nipah viliruka kutoka kwa nguruwe vikaambukiza watu: wagonjwa 265, vifo 105. Mwaka 2009 mafua ya H1N1, yenye asili ya nguruwe, yalienea dunia nzima. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo ilifika Ureno 1957, Georgia 2007 na China 2018, ikaua nguruwe kwa mamilioni, lakini watu haikuwagusa.

Kinachomhusu binadamu ni usafirishaji. Virusi hudumu kwenye nyama mbichi, kwenye viatu, visu na mabaki ya chakula yasiyochemshwa. Segera, barabara za Tanga na Moshi zinapoachana, lori moja lenye nyama ya nguruwe mgonjwa hufika mbali kuliko ngiri yeyote. Ndiyo maana ugonjwa unapozuka, karantini ya maofisa mifugo huzuia nguruwe na nyama yao kutoka eneo lililoathirika, ingawa mlaji wa nyama hiyo hawezi kuambukizwa.