Mwalimu Mpya Muheza: Nani Humpokea, Nani Humlea, Nani Humthibitisha

Na Mwandishi Wetu, Muheza

Tangazo la ajira za walimu linapotolewa, macho ya wengi huishia kwenye orodha ya majina na vituo vya kazi. Yanayofuata baada ya hapo hayazungumzwi sana: juma la kwanza shuleni, mwaka wa kwanza darasani, na siku ambayo mwalimu hupokea barua ya kuthibitishwa kazini. Hata hivyo, ndiyo yanayoamua iwapo mtoto wa darasa la pili atakuwa na mwalimu anayebaki na kuimudu kazi yake, au mwalimu aliyeko kazini kwa mwili tu huku moyo ukiwa umekwisha kuomba uhamisho.

Makala haya yanaeleza utaratibu wa kumpokea na kumlea mwalimu mpya wa shule ya Serikali, kwa kuitazama Halmashauri ya Wilaya ya Muheza mkoani Tanga. Utaratibu ni wa kitaifa, lakini Muheza inafaa kuwa mfano kwa sababu ya sura ya ardhi yake. Wilaya hiyo inagusa mwambao wa Bahari ya Hindi katika Kata ya Kigombe, inapita nchi ya Bonde yenye mashamba ya mkonge na machungwa, kisha inapanda milima ya Usambara Mashariki hadi kata za Amani, Mbomole, Misalai na Zirai. Walimu wawili wanaweza kupokea barua zenye maneno yale yale, kutoka kwa mwajiri yule yule, siku moja. Mmoja akapangiwa mjini Muheza, ambako ofisi za halmashauri ziko karibu. Mwingine akapangiwa mlimani, ambako safari ya kufuatilia jambo moja la ofisini wakati wa masika inaweza kummalizia siku nzima. Kwa mwalimu huyu wa pili, malezi yanayotegemea ofisi ya wilaya peke yake hayatoshi.

Mamlaka zinazomhusu mwalimu mpya

Wananchi wengi, na hata baadhi ya walimu wenyewe, huchanganya mamlaka zinazomhusu mwalimu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huendesha usaili, utaratibu ambao kwa walimu ulitumika mwanzoni mwa 2025. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 na kuanza kazi Julai 2016, hushughulikia masuala ya kiutumishi, yakiwemo kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na nidhamu. Tume ina ofisi katika kila wilaya, chini ya Katibu Msaidizi. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ndiye mwajiri anayempangia mwalimu shule na kusimamia maslahi yake, akisaidiwa na Afisa Elimu Awali na Msingi au Afisa Elimu Sekondari. Vilevile, wapo Wathibiti Ubora wa Shule walio chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ambao huingia darasani, humwona mwalimu akifundisha na kumshauri. Zamani waliitwa wakaguzi, na hofu ya jina hilo la zamani bado haijaisha kabisa.

Mwalimu anaporipoti huwasilisha vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, hujaza fomu za ajira na kusaini ahadi ya uadilifu. Taarifa zake huingizwa katika mfumo wa mishahara, naye huanza kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF na bima ya afya ya NHIF. Taratibu za utumishi wa umma zinampa pia stahili za ajira ya kwanza, ikiwemo posho ya kujikimu, ambayo madhumuni yake ni kumwezesha kuishi hadi mshahara wa kwanza utakapoingia. Mwalimu ahakikishe ameijaza na kubaki na nakala ya kila fomu aliyowasilisha. Taarifa zikiingizwa baada ya malipo ya mwezi kufungwa, mshahara husogea hadi mwezi unaofuata, na mwalimu aliyepanga chumba kijijini bila akiba huanza kazi kwa kukopa dukani. Ni vigumu kumtaka aandae zana za kufundishia vizuri mtu ambaye hajui atakula nini Ijumaa.

Halmashauri hutoa mafunzo elekezi kwa waajiriwa wapya: maadili ya utumishi, haki na wajibu, likizo, muundo wa utumishi na madaraja ya mishahara, ambayo kwa walimu huanzia TGTS B kwa mwenye cheti, C kwa stashahada na D kwa shahada. Mafunzo hayo ni ya lazima na yana faida. Lakini kikao cha ukumbini hakiwezi kuitwa malezi. Mwalimu hulelewa shuleni.

Malezi ndani ya shule

Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, au Mkuu wa Shule kwa sekondari, ndiye mlezi wa kwanza. Katika shule inayoendeshwa vizuri, mwalimu mpya hakabidhiwi chaki na ratiba kisha akaachwa. Hutambulishwa kwa walimu, wanafunzi, kamati ya shule na uongozi wa kijiji. Mwalimu wa taaluma humwonyesha jinsi shule hiyo inavyoandaa azimio la kazi na andalio la somo, na jinsi inavyotunza kumbukumbu za maendeleo ya wanafunzi. Kisha huwekwa karibu na mwalimu mzoefu wa somo lake, ambaye huingia kumtazama akifundisha, na yeye pia huruhusiwa kuingia kutazama. Kuruhusiwa kutazama ndiko kunakosahaulika mara nyingi. Mwalimu kijana hujifunza zaidi kwa kumwona mwenzake akiwatuliza watoto wengi kwa sauti ya kawaida kuliko kwa kuambiwa kwamba darasa lake lina kelele.

Haja ya malezi hayo imeongezeka tangu Januari 2024, mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika kwa awamu, kuanzia elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Mwalimu aliyehitimu chuo kabla ya hapo hukuta masomo ambayo hakuyazoea, kama vile Historia ya Tanzania na Maadili, na vitabu asivyowahi kuvishika. Mwenzake mzoefu naye anajifunza upya, kwa hiyo wakati mwingine mlezi na anayelelewa husoma ukurasa mmoja kwa pamoja. Hilo si aibu kwa yeyote kati yao.

Lipo jambo moja ambalo uongozi wa shule unapaswa kuliangalia upya. Si ajabu mwalimu mgeni kupewa darasa la kwanza, au kupewa vipindi vingi kuliko wote kwa kuwa ni kijana mwenye nguvu. Darasa la kwanza ndilo linalohitaji mkono uliozoea, kwa sababu mtoto asiyemudu kusoma, kuandika na kuhesabu hapo hubeba upungufu huo miaka yote inayofuata. Nchini Scotland, mpango wa kuwapokea walimu wapya ulioanza 2002 uliwapunguzia vipindi katika mwaka wa kwanza ili wapate muda wa kujifunza na kukutana na mlezi. Katika shule ya mlimani yenye walimu wachache nafuu ya namna hiyo ni ngumu kutoa, lakini Mwalimu Mkuu anaweza angalau kupanga kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwalimu mpya na mlezi wake wote wawili hawana darasa. Kipindi hicho hakihitaji bajeti.

Kutoka UPE hadi MEWAKA

Wazo la kumfunza mwalimu akiwa kazini si geni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Serikali iliamua watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977, na vyuo vilivyokuwepo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa ualimu wakiwa katika shule za vijiji, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata huko huko. Walimu hao wa UPE walidharauliwa na baadhi ya watu, na upungufu wa mafunzo yao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, mpango huo uliweka msingi kwamba mkufunzi humfuata mwalimu shuleni. Baadaye vikaja Vituo vya Walimu, ambako walimu wa shule jirani hukutana, kuazima vitabu na kutengeneza zana.

Leo kazi hiyo iko ndani ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojulikana kama MEWAKA, yanayoratibiwa kitaaluma na Taasisi ya Elimu Tanzania chini ya kiunzi cha kitaifa cha 2020. Walimu wa shule moja huunda jumuiya ya ujifunzaji. Hukutana, huchagua tatizo halisi la darasani, hulijadili kwa kutumia moduli zilizoandaliwa, hujaribu suluhisho, kisha hurudi kuelezana matokeo. Ngazi inayofuata ni ya kata au kundi la shule, na mwalimu anaweza pia kujisomea kupitia mfumo wa kielektroniki wa Taasisi hiyo. Programu ya BOOST inagharamia sehemu ya utekelezaji katika shule za awali na msingi, na Tanga ni miongoni mwa mikoa 9 ya mradi wa Shule Bora unaofadhiliwa na Serikali ya Uingereza.

Kwa mwalimu mpya, jumuiya ya ujifunzaji ni mahali anapoweza kusema “somo hili limenishinda” bila kuonekana hafai. Ikiwa kikao kitageuka kuwa cha matangazo na maagizo, faida hiyo hupotea. Anayeweza kulizuia hilo ni Afisa Elimu Kata. Ndiye kiongozi wa elimu aliye karibu zaidi na shule, na katika kata kama Misalai au Zirai ndiye pekee anayeweza kufika mara kwa mara. Anapofika, aingie darasani kabla ya kukagua daftari la wageni.

Nyumba, jamii na barua ya uthibitisho

Kamati ya shule na serikali ya kijiji nao ni walezi, ingawa hawatajwi katika moduli yoyote. Mwalimu aliyetoka mbali, hasa wa kike, huanza kwa kuuliza atalala wapi na kama ni salama. Kijiji kinachomtafutia nyumba yenye mlango imara kabla hajafika kimemsaidia kufundisha. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba mwajiriwa mpya akae katika kituo chake miaka mitatu kabla ya kuomba uhamisho, na ni rahisi kukaa pale ulipopokewa vizuri.

Muda wa matazamio ni miezi 12. Katika kipindi hicho utendaji wa mwalimu hupimwa na msimamizi wake, sasa kupitia mfumo wa kidijitali wa PEPMIS uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na mapendekezo hupelekwa Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya. Uthibitisho ndio unaofungua mlango wa kupandishwa cheo na ruhusa ya masomo marefu. Mwalimu asisubiri mwaka uishe ndipo aanze kuuliza: ahakikishe malengo yake yameingizwa na kuidhinishwa katika mfumo tangu mwanzo, na ajue ni nani anayempima. Miezi 12 ikipita bila barua, aanze kwa Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule wake kwa maandishi, kisha Afisa Elimu wa halmashauri, na hatimaye Katibu Msaidizi wa Tume wa Wilaya, akiwa na nakala ya barua ya ajira na ya kuripoti kazini.